Dawa, Kisu na Puto: Jinsi Ugonjwa wa Mishipa ya Moyo Unavyotibiwa

Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na katika muda huo husukuma zaidi ya lita 7,000 za damu. Mtu angedhani kwamba kiungo kinachopitisha damu nyingi kiasi hicho hakiwezi kamwe kupungukiwa na chakula. Sivyo ilivyo. Misuli ya moyo hailishwi na damu inayopita katika vyumba vyake. Ni kama mchota maji aliyejitwika mtungi uliojaa, naye hana ruhusa ya kuchovya kata. Ili upate riziki yake, moyo hutegemea mishipa miwili ya ateri inayochipuka mwanzoni kabisa mwa mshipa mkuu wa damu, yaani aota, kisha hutambaa juu ya moyo na kuuzunguka mfano wa taji. Kwa sababu ya umbo hilo huitwa mishipa ya koronari, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji. Mshipa wa kushoto hugawanyika mara kuwa matawi mawili makubwa, na ndiyo maana hospitalini husemwa kwamba moyo una mishipa mitatu. Upana wa kila mmoja ni milimita 3 au 4 hivi, yaani nusu ya unene wa penseli ya shule.

Damu inayopita katika mishipa hiyo mtu akiwa amepumzika ni mililita 250 hivi kwa dakika, sehemu moja ya ishirini ya damu yote inayosukumwa. Jambo la kuzingatia zaidi si kiasi hicho, bali namna moyo unavyokitumia. Mwili kwa jumla huchukua robo tu ya oksijeni iliyomo katika damu, na iliyobaki hurudi ikiwa akiba. Misuli ya moyo huchukua karibu robo tatu, hata mtu akiwa amelala. Kwa hiyo mtu anapopanda mlima au kukimbilia basi, moyo hauna akiba ya kukopa. Njia ni moja tu, damu iongezeke, pengine hata mara nne au tano. Tena kuna shida ya pili. Moyo unapojikaza ili kusukuma damu, misuli yake huibana mishipa yake yenyewe. Kwa hiyo upande wa kushoto, wenye kazi nzito, hulishwa zaidi katika kile kipindi kifupi cha kulegea baina ya pigo na pigo. Kadiri moyo unavyokwenda mbio ndivyo kipindi hicho kinavyofupika. Mwanafunzi aliweke akilini jambo hili, maana dawa mojawapo itakayotajwa baadaye imejengwa juu yake.

Hesabu ya bomba jembamba

Katika miaka ya 1840 daktari Mfaransa Jean Poiseuille alichapisha kanuni ya mwendo wa vimiminika katika mirija myembamba. Kwa kanuni hiyo, mambo mengine yakibaki sawa, kiasi cha kimiminika kinachopita hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo cha mrija. Nusukipenyo kikipungua kwa sehemu moja ya tano, kutoka 1 hadi 0.8, mtiririko hushuka hadi 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani 0.41 ya ule wa awali. Kikipungua kwa nusu, hubaki sehemu moja tu ya kumi na sita.

Lau mshipa wa moyo ungekuwa bomba la chuma, watu wengi wa makamo wasingeweza hata kupanda ngazi. Lakini mshipa ni kitu hai. Mlango wa juu unapobanwa, mishipa midogo iliyo mbele yake hupanuka ili kupunguza ukinzani, na mtu aliyepumzika hahisi lolote. Kwa kawaida kipenyo hupungua kwa kiasi cha asilimia 70 ndipo mgonjwa aanze kubanwa kifua akifanya kazi ya nguvu, na kwa asilimia 90 hivi ndipo abanwe hata akiwa ameketi. Maumivu hayo huitwa anjina. Daktari Mwingereza William Heberden aliyaeleza mbele ya wenzake huko London mwaka 1768, kwa usahihi ambao haujapitwa hadi leo: huja mtu akitembea, hasa akipanda mlima au akiwa ameshiba, nayo huondoka akisimama. Heberden hakujua asili yake, wala hakuwa na dawa. Alitaja tu kwamba mgonjwa wake mmoja alijipangia kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, naye akakaribia kupona. Leo mazoezi ya kadiri ni sehemu ya tiba rasmi.

Kitu gani basi kinachoubana mshipa? Vitabu vya zamani vilichora picha ya bomba lililojaa kutu na matope ndani. Picha hiyo ni nyepesi kueleweka, lakini imewapotosha wengi, hata madaktari. Mafuta aina ya lehemu hayagandi juu ya ukuta wa mshipa; hupenya chini ya utando wake laini na kukaa ndani ya ukuta wenyewe. Mwili huyachukulia kama adui, ukapeleka chembe nyeupe za damu ziyameze. Chembe hizo hushiba hadi zikafa, nyuzi za kovu hujengwa juu yake, na polepole, kwa miaka 20 au 30, hutokea kivimbe chenye uji wa mafuta ndani na kifuniko cha kovu juu. Kifuniko kikiwa kinene, kivimbe huweza kuubana mshipa na kuleta anjina, ilhali mgonjwa akaishi nacho miaka mingi. Kifuniko kikiwa chembamba, huweza kupasuka ghafula, hata kama kivimbe chenyewe hakikuubana mshipa sana. Uji ule ukigusana na damu, damu huganda papo hapo, na mshipa uliokuwa wazi asubuhi huzibika kabisa adhuhuri. Hilo ndilo shambulio la moyo. Baada ya nusu saa hivi misuli iliyokosa damu huanza kufa, na misuli ya moyo ikifa haioti tena.

Basi yako mambo mawili tofauti: mshipa mwembamba unaoumiza, na kivimbe kinachopasuka na kuua. Mabishano karibu yote ya miaka 60 iliyopita juu ya tiba ya ugonjwa huu yametokana na kuyachanganya.

Kampala na Umasaini

Mchango wa Afrika Mashariki katika elimu hii si haba. Mwaka 1959 madaktari A. G. Shaper na K. W. Jones, waliokuwa Kampala, walichapisha katika jarida la Lancet la Uingereza taarifa iliyosomwa duniani kote. Katika mji mmoja, chini ya jua moja, Waafrika walikuwa karibu hawaujui ugonjwa wa mishipa ya koronari, ilhali ulikuwa wa kawaida miongoni mwa wakazi wa asili ya Kiasia. Vyakula vya makundi hayo mawili vilitofautiana, na vivyo hivyo kiasi cha lehemu katika damu yao, ambacho kwa Waafrika kilikuwa cha chini.

Kisha Wamasai wakaja kuitia hesabu hiyo mchanga. Mwaka 1964 daktari Mmarekani George Mann na wenzake walieleza habari za wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika waliokula maziwa na nyama kwa wingi, na bado lehemu katika damu yao ilikuwa chini, wala dalili za ugonjwa wa moyo hazikuonekana isipokuwa kwa nadra. Wapenzi wa nyama walishangilia. Lakini mwaka 1972 Mann na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamasai waliokufa. Kuta za mishipa yao zilikuwa zimenenepa kwa ugonjwa kama za wazee wa Marekani. Tofauti ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyosonga, hata njia ya damu ikabaki pana. Mann aliamini kwamba sababu ni mwendo: watu wale walitembea mno. Mwanafunzi aliyeielewa kanuni ya Poiseuille hahitaji kuelezwa faida ya milimita moja ya ziada.

Tangu siku hizo maisha yamebadilika. Shinikizo la damu, kisukari, sigara, unene na kazi za kukaa kitini vimeingia mijini na sasa vinaingia vijijini, na wagonjwa ambao wanafunzi wa udaktari wa Mulago na Muhimbili walikuwa wakiwasoma vitabuni tu, leo wamelala wodini mwao.

Vidonge

Dawa ya kwanza iliyofaa ilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1847 mkemia Mwitaliano Ascanio Sobrero alitengeneza nitrogliserini, kimiminika kinacholipuka vibaya, na alipoionja kidogo ulimini aliumwa kichwa mno. Alfred Nobel aliitumia kutengeneza baruti kali ya dainamaiti, akatajirika. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London alionyesha kwamba matone machache sana ya kimiminika hicho, yakichanganywa na maji, huituliza anjina kwa dakika chache. Nobel mwenyewe, katika uzee wake, aliandikiwa dawa hiyo na matabibu wake mwaka 1896. Alimwandikia mwenzake kwamba mambo ya dunia yana kejeli, na kwamba wameipa dawa jina jingine ili wauza dawa na watu wasiogope.

Kwa miaka 100 madaktari waliitumia bila kujua inafanyaje kazi. Sasa inajulikana kwamba mwilini hutoa molekuli ndogo sana ya oksidi ya nitrojeni, ambayo huilegeza misuli ya kuta za mishipa. Mishipa ya vena hutanuka na kuhifadhi damu, moyo hupelekewa mzigo mdogo zaidi, na mishipa ya koronari nayo hufunguka kidogo. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi wa kazi ya oksidi hiyo mwilini.

Njia ya pili ni kuupunguzia moyo kazi. Katika miaka ya 1960 James Black wa Uingereza alijiuliza: badala ya kuhangaika kuongeza oksijeni, kwa nini usipunguzwe uhitaji wake? Alitengeneza propranololi, dawa inayokalia vipokezi ambavyo homoni ya adrenalini huvitumia kuuchapuza moyo. Moyo huenda polepole, hutumia oksijeni kidogo, na kile kipindi cha kulishwa baina ya mapigo hurefuka. Black alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Nitrogliserini hutuliza maumivu, na jamii ya propranololi huyapunguza. Dawa mbili zinazofuata hazitulizi maumivu yoyote, mgonjwa hahisi kitu anapozimeza, na pengine kwa sababu hiyo ndizo anazoziacha upesi. Nazo ndizo zinazookoa maisha.

Aspirini ni kongwe, nayo huuzwa dukani kwa bei ya pipi. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba huzuia kazi ya kimeng'enya fulani. Katika vile vijisahani vya damu vinavyoanzisha kuganda, kimeng'enya hicho kikishaharibiwa hakirudi, kwa kuwa kijisahani hakina kiini cha kutengenezea kingine. Hubaki kimelemaa siku zote 10 za uhai wake. Ushahidi mkubwa ulipatikana mwaka 1988 katika jaribio lililoitwa ISIS-2, la wagonjwa 17,187 wenye shambulio la moyo katika hospitali 417. Kwa bahati nasibu, wengine walipewa aspirini, wengine streptokinezi, ambayo ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, wengine zote mbili, na wengine vitu bandia visivyo na dawa. Katika majuma matano, waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa miongoni mwa wasiopewa dawa yoyote kati ya hizo walikuwa asilimia 13.2, miongoni mwa waliopewa zote mbili, asilimia 8.0.

Jaribio hilo lina kisa ambacho walimu wa hisabati wangefaa kukisimulia darasani. Wahariri wa jarida walitaka matokeo yapasuliwe kwa makundi madogo madogo, ili ijulikane ni nani hasa wanaofaidika. Watafiti walikubali kwa sharti kwamba wagonjwa wagawanywe pia kwa nyota zao za kuzaliwa. Basi ikaonekana kwamba aspirini iliwafaa watu wa nyota zote isipokuwa wale wa Mapacha na Mizani! Hakuna aliyeamini, na wala haikukusudiwa kuaminiwa. Ilikuwa ni onyo kwamba kundi kubwa likikatwa vipande vingi, bahati tupu itazaa tofauti zinazofanana na sheria za maumbile. Nalo si onyo la kuchekwa na watu wa pwani na bara wanaofungua gazeti kwanza kwenye ukurasa wa nyota.

Dawa ya pili ni jamii ya statini. Akira Endo wa Japani alichunguza aina zaidi ya 6,000 za kuvu, akitafuta kitu kitakachozuia ini kutengeneza lehemu. Alikipata katika ukungu uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto, akakitangaza mwaka 1976. Ini likinyimwa lehemu yake, huongeza vipokezi juu ya chembe zake na kuivuta iliyo katika damu. Mwaka 1994 wagonjwa 4,444 wa nchi za Skandinavia walitoa hukumu: katika muda wa miaka mitano na zaidi kidogo, kati ya nusu waliopewa vidonge bandia walikufa 256, na kati ya nusu waliopewa statini walikufa 182. Statini haisafishi bomba. Upana wa mshipa haubadiliki ila kidogo sana. Inachofanya ni kukausha uji ulio ndani ya kivimbe na kukiimarisha kifuniko chake.

Isidhaniwe kwamba kila mtu ameze aspirini asubuhi. Kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo, majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba hatari ya kutokwa na damu tumboni au kwingineko hukaribia kuila faida yote. Daktari ndiye apime.

Kisu

Kabla ya mshipa kupasuliwa, sharti uonekane. Mwaka 1929, huko Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipenyezea mrija mwembamba kwenye vena ya mkono hadi ndani ya moyo wake mwenyewe, akateremka kwa miguu hadi chumba cha eksirei kuthibitisha. Mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel. Wakati huo hakuna aliyethubutu kupenyeza dawa ya kuonyesha picha katika mshipa wa koronari wenyewe, kwa hofu ya kuua. Mnamo Oktoba 1958, huko Cleveland, Marekani, mrija wa Mason Sones uliteleza kwa bahati mbaya ukamwaga dawa hiyo ndani ya mshipa wa kulia wa mgonjwa. Moyo ulisimama kwa sekunde chache. Sones alimwamrisha mgonjwa akohoe, akakohoa, ukaendelea. Tangu siku hiyo ramani ya mishipa ya moyo iliweza kusomwa kwa mtu aliye hai.

Katika hospitali iyo hiyo alikuwako daktari wa upasuaji René Favaloro kutoka Argentina, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametibu wanakijiji wa Jacinto Aráuz kwa miaka 12. Mwaka 1967 alichukua kipande cha vena ya mguu wa mgonjwa, akakifanya njia ya mchepuko ya kuivusha damu mahali palipozibika. Hakuwa wa kwanza kabisa kuunga mshipa mpya; Vasilii Kolesov wa Leningrad aliutumia mshipa wa ateri ya ndani ya kifua mwaka 1964. Lakini Favaloro ndiye aliyeifanya operesheni hiyo iwe kazi ya kila siku. Kwa kawaida moyo husimamishwa, na mashine, mjukuu wa ile ya John Gibbon ya mwaka 1953, huchukua kazi yake na ya mapafu. Vena za mguu ni rahisi kupatikana, ila hazikuumbwa kwa shinikizo la ateri, na baada ya miaka 10 karibu nusu yake huwa zimeziba. Ateri ya ndani ya kifua hubaki wazi kwa wagonjwa 9 katika 10. Njia ya Kolesov ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Wagonjwa walifurahi. Maumivu yaliisha, wakarudi kazini. Je, waliishi muda mrefu zaidi? Hapo ndipo watu wa sayansi walipokuwa na sababu ya kusita, kwa ajili ya jambo lililotokea mwishoni mwa miaka ya 1950.

Katika miaka hiyo ilienea operesheni iliyozuka Italia, ya kufunga kwa uzi ile ateri ya ndani ya kifua, kwa imani kwamba damu iliyozuiwa itajipenyeza kuelekea moyoni. Haikuhitaji kufungua kifua, na wagonjwa wengi walisema wamepona. Leonard Cobb na wenzake wa Seattle waliwachukua wagonjwa 17. Wote walichanjwa ngozi kifuani. Kwa wengine ateri ilifungwa. Kwa wengine haikuguswa, jeraha likashonwa tu. Wala mgonjwa wala daktari aliyempima baadaye hakujua nani alifanyiwa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1959: walioshonwa ngozi tu walipata nafuu sawasawa na wenzao. Operesheni hiyo ikafa. Wagonjwa wale hawakuelezwa kikamilifu walikuwa wakiingizwa katika jambo gani, na kamati ya maadili ya leo isingeruhusu; lakini somo lenyewe halikufutika. Imani ya mgonjwa, na pengine zaidi imani ya mpasuaji, hutuliza kifua.

Kwa hiyo njia ya mchepuko ilipimwa kwa kuhesabu vifo, kitu kisichodanganyika. Jaribio la hospitali za askari wa zamani wa Marekani lilionyesha katika miaka ya 1970 kwamba waliopasuliwa waliishi zaidi pale ambapo shina la mshipa wa kushoto ndilo lililobanwa. Mwaka 1994 matokeo ya majaribio saba, ya wagonjwa 2,649, yalijumlishwa: baada ya miaka mitano walikuwa wamekufa asilimia 10.2 ya waliopangiwa upasuaji na asilimia 15.8 ya waliopangiwa dawa, faida kubwa ikiwa kwa wenye shina lililobanwa au mishipa yote mitatu. Ikumbukwe kwamba wale wa dawa waliishi kabla ya statini kuenea.

Puto

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zürich, Uswisi, Andreas Grüntzig alipitisha kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa wa umri wa miaka 38 mrija wenye puto dogo nchani. Maputo hayo alikuwa akiyaunda mezani jikoni mwake. Puto lilijazwa, kivimbe kikabanwa ukutani, puto likatolewa. Kifua hakikufunguliwa, na mgonjwa alikuwa macho muda wote. Miaka 10 baadaye mshipa ule ulikuwa ungali wazi. Si wote waliobahatika hivyo: theluthi hivi ya mishipa ilijibana tena katika miezi michache. Kuanzia mwaka 1986, huko Toulouse na Lausanne, kiliachwa ndani kijibomba cha wavu wa chuma kiitwacho stenti. Baadaye stenti zilipakwa dawa ya kuzuia kovu. Mojawapo ya dawa hizo, sirolimusi, ilitokana na bakteria wa udongo wa Rapa Nui, kisiwa kilicho katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Kwa mwenye shambulio la moyo, puto halina mshindani. Mwaka 2003 majaribio 23 yalijumlishwa: waliofunguliwa mshipa kwa puto walikufa asilimia 7, na waliopewa dawa za kuyeyusha damu asilimia 9. Lakini ufundi huo mzuri ulitapakaa pia kwa mamilioni ya watu wenye anjina ya kawaida, isiyobadilika, kwa hoja iliyoonekana kuwa haina shaka: pameziba, pazibuliwe. Jaribio la COURAGE la mwaka 2007, la wagonjwa 2,287, na lile la ISCHEMIA la mwaka 2020, la wagonjwa 5,179 wa nchi 37, yalijibu kwa sauti moja. Waliopewa dawa nzuri peke yake na waliopewa dawa pamoja na stenti au upasuaji walikufa kwa idadi isiyotofautiana. Msomaji aliyekumbuka habari ya kivimbe hatashangaa: stenti hukaa mahali palipobanwa, ilhali kivimbe kitakachopasuka kesho huenda kiko sentimita tatu mbele, hakijaonekana na mtu.

Basi ikabaki hoja ya maumivu. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walirudia, safari hii kwa ridhaa kamili ya wagonjwa, swali lile lile la Seattle. Wagonjwa 200 waliokwisha kupewa dawa barabara walilazwa, wakatiwa usingizi mwepesi, wakavikwa visikizio vyenye muziki. Wengine waliwekewa stenti, wengine hawakuwekewa kitu. Baada ya majuma sita muda ambao makundi hayo mawili yaliweza kutembea juu ya mashine ya mazoezi haukutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Kelele zilikuwa kubwa. Watafiti hao hao, mwaka 2023, waliwapima wagonjwa 301 walioachishwa dawa za anjina, na hapo stenti ilipunguza maumivu kweli na kuongeza dakika moja hivi ya mwendo. Kwa hiyo puto hutuliza anjina, lakini si kwa kiasi kilichodhaniwa, na kwa sehemu hufanya kazi ambayo kidonge kingeifanya. Kwa wenye kisukari na mishipa mingi iliyobanwa, kisu kimeshinda: katika jaribio la FREEDOM la mwaka 2012 walikufa katika miaka mitano asilimia 10.9 ya waliopasuliwa, dhidi ya 16.3 ya waliowekewa stenti.

Saa za kwanza

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Tanzania aliyehitaji puto au upasuaji wa moyo alipelekwa India, kama alipata nafasi. Tangu mwaka 2015 iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kando ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Uganda ina taasisi yake Mulago, na Nairobi ina hospitali zenye vyumba vya mirija. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, misuli ya moyo haihesabu maendeleo, huhesabu dakika. Mzee anayebanwa kifua Tunduru au Mpanda, akatoka jasho la baridi na maumivu yakamshuka mkono wa kushoto, hawezi kufika Dar es Salaam katika saa mbili ambazo puto hufaa zaidi. Mara nyingi huambiwa ni kiungulia, hupewa dawa ya tumbo, akalala.

Kwa mgonjwa kama huyo, nusu kidonge cha aspirini kikitafunwa mara moja, pale ambapo mganga hakuona kizuizi, ni tiba iliyopimwa kwa maelfu ya watu. Ya pili ni streptokinezi, ambayo hutolewa kwa sindano ya kudondoshea mshipani mahali popote penye mashine ya kupima umeme wa moyo na mtu anayejua kuisoma. Hufaa zaidi katika saa za kwanza, na kwa kiasi fulani hadi saa 12. Iligunduliwa na William Tillett mwaka 1933 katika bakteria aina ya streptokoki. Jamii hiyo hiyo ya bakteria huwaletea watoto maumivu ya koo, ambayo yasipotibiwa huweza kufuatwa na homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na ambayo imejaza wodi za Afrika Mashariki kwa vizazi vingi. Kwa sababu hiyo pia dawa hiyo ina mashaka yake: mwili huitambua kuwa kitu cha bakteria, hujenga kinga dhidi yake katika siku chache, na sindano ya pili ikitolewa mwaka mmoja baadaye huweza isifanye kazi au ikaleta madhara. Kwa hiyo aliyekwisha kuipata huandikiwa katika kadi yake jina la dawa na tarehe, ili siku nyingine apewe aina tofauti.